Mrija wa Shivachi

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo mume wangu Shivachi alitoka hospitali ya misheni mikono yake ikiwa imetulia. Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya mbele ya ofisi ya chifu, nasi tulikuwa wachanga katika ndoa. Chang'aa ilimwingiza pale akitetemeka, akibishana na watu wasiokuwepo. Sasa aliweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga. Sista aliyemuuguza alituambia mlangoni, "Pombe ya mwilini nimeitoa. Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Iliyobaki iko kwenu nyumbani."

Hatukumwelewa. Tulijua mtu akitoka hospitali amepona, kama aliyetibiwa malaria.

Nyumbani Shinyalu tulikuta sherehe. Baba mkwe alikuwa amechinja jogoo, ugali wetu, obusuma, umepikwa, na katikati ya nyumba chungu cha busaa, pombe ya nafaka, kilitoa povu. Wanaume walikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Siku zile mrija wa mtu ulimngoja darini hata akisafiri. Kwetu haukuondolewa nyumbani ila mwenyewe akifa. Ndiyo maana mimi, niliyelala chini ya mrija ule wakati wote alipokuwa hospitali, sikuthubutu kuugusa. Nani angetaka kuambiwa amemtakia mumewe kifo?

Shemeji yangu akauchomoa darini, akaupangusa kwa shati lake.

"Padre wetu amerudi," akamtania. "Ama huko misheni walikuziba koo?" Watu wakacheka. "Busaa si chang'aa, ndugu yangu. Hii ni chakula. Onja tu, mzee asiaibike."

Shivachi akaupokea. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Hakunitazama.

Kukhu, bibi yake, alikuwa ameketi karibu na mafiga. Akanyoosha mkono. "Lete hapa." Shivachi akampa, na nadhani alishukuru kuamriwa. Kukhu akauvunja juu ya goti, akautia motoni.

"Mama," baba mkwe akasema polepole, "unamzika mtoto akiwa hai?"

"Ninyi ndio mlikuwa mkimzika, tena kwa vicheko. Mtu akifunguliwa bandeji ya mguu uliovunjika, mnambebesha gogo siku hiyo hiyo?"

Chungu kikahamishiwa kwa jirani, na Shivachi akala.

Ningependa kukuambia yaliishia hapo. Lakini mazoea yana taabu, mwanangu. Wakati wa kupalilia mahindi alikwenda matangani, akarudi akiyumba. Nilifunga nguo zangu nirudi kwetu, nikimwita mwongo. Kukhu akanikuta njiani na mzigo kichwani.

"Homa ikimrudia mgonjwa, unamwita mwongo?"

"Kukhu, nimechoka."

"Choka. Kisha umrudishe kwa sista. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nikamrudisha. Safari hii shemeji alikwenda naye, na hakutania. Baadaye, kila palipokuwa na matanga, Shivachi alijipa kazi ya kupasua kuni, mbali na vyungu, na shemeji alishika shoka la pili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Aliwabeba wajukuu wake kwa mikono ile ile, na hata uzeeni, akisikia harufu ya busaa, alinyanyuka akaenda kutazama ng'ombe.

Sasa wewe, mtoto wa jirani yangu, umeniambia kaka yako anarudi Ijumaa kutoka kwenye matibabu. Kabla ya kumkagua yeye, kagua nyumba. Ondoeni kinachomngoja darini, hata kama ni desturi, hata kama wageni watanuna. Waambie rafiki zake mapema wasimpime kwa utani. Mtafutieni kazi ya mikono na mtu wa kuifanya naye. Akianguka, msimfiche wala msimtukane. Mrudisheni kwa wanaomtibu. Na wewe ukichoka, sema umechoka, lakini usiende na mzigo kichwani kabla ya kuongea na mtu.

Mungu akupe goti la Kukhu la kuvunjia kinachostahili kuvunjwa, na kaka yako ampe mikono iliyotulia.