Halbadiri ya Watoto wa Mbali

Wenzangu wakinusa ubani hutulia. Mimi hupandwa na hamaki, na nikiwasimulia kisa chake, huenda nanyi mkapandwa.

Nilikulia Kisauni, ng'ambo ya daraja la kuingilia mjini, nyuma ya msikiti mdogo, miaka ile redio ilipokuwa ikitangaza kila jioni habari za vijana wa Palestina. Watoto wa miaka kumi na mitano, kumi na sita, walitolewa vitandani na wanajeshi, wakafungwa mikono na kuzibwa macho, wakapelekwa kambini kungoja mahakama ya kijeshi kwa kosa la kurusha mawe. Mama zao walizunguka wakiuliza waliko. Mtaa wetu uliwalilia vijana hao kwelikweli, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Aliyelia kuliko wote ni Bwana Hemedi, mwenye duka la vitambaa na msimamizi wa msikiti. Chozi lake lilikuwa karibu, na leso ya kulifutia mbele za watu ilikuwa karibu zaidi. Ndiye aliyepanga kila Alhamisi baada ya magharibi wanaume wakae wawasomee wale wanajeshi halbadiri, dua ile ya kuyataja majina ya mashujaa wa Badri ili dhalimu apatilizwe. Kwetu halbadiri haikuwa mchezo. Tuliambiwa iliwahi kumpinda shingo mwizi wa kuku, na kwamba ukimsomea asiye na hatia hukurudia mwenyewe. Mama yangu alichangia kwa mikono yake: aliwapikia mahamri, na chetezo cha ubani akakiwasha yeye. Bwana Hemedi alikula mahamri ya watu wanne huku analia, na sijaona tena mtu aliyeyaweza yote mawili kwa ustadi ule.

Kisha fujo zikaja kwetu. Vijana mjini walirushiana mawe na askari, na kesho yake alfajiri malori ya askari yakavuka daraja kuja kuzoa kila aliyeota ndevu na asiyeota. Kaka yangu Feisali, wa miaka kumi na sita, alikuwa ametoka kwenda kuswali kama kawaida yake. Hakurudi. Tulisikia tu kwamba askari wamemchukua. Mama alikwenda kila kituo cha polisi, akasimama hata langoni pa kambi yao, na kila mahali akaambiwa jina hilo hawalijui. Alirudi miguu imevimba, akakaa jikoni.

Alhamisi ilipofika alivaa buibui, akanishika mkono, tukaenda barazani kwa Bwana Hemedi. Alikuwa amekaa na wenzake wakingoja magharibi.

"Masalkheri, Bwana Hemedi," mama alisema. "Naja kuwaomba leo muwasomee na waliomchukua Feisali. Naye ni mtoto, naye katwaliwa na wenye bunduki, na mie sijui yu wapi."

Bwana Hemedi alitoa leso, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Dada yangu, halbadiri ni moto. Kijana akiwa ana lake alilolifanya, itatugeukia sisi tusomao. Sisi twajua alikuwa wapi alfajiri ile?"

"Alikuja msikitini."

"Wallahi hatukumuona. Wewe subiri, inshallah haki itajulikana."

Wenzake wakatazama viatu vyao. Mama akanishika mkono tena.

"Mahamri nishapika," alisema. "Nitawaletea. Wale wa mbali nao wana mama zao."

Mimi, mtoto, niliamini kwamba wazee wale walikuwa wakimwogopa Mungu. Usiku ule nililala nikijiuliza kaka yangu amefanya nini.

Feisali aliachiliwa baada ya wiki nyingi, bila kufikishwa mahakamani, amekonda, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Hakusimulia kitu. Bwana Hemedi alikuwa wa kwanza kuja kumkumbatia, na siku hiyo leso ilitoka ikafanya kazi yake.

Miaka ilipita, Bwana Hemedi akafariki. Siku ya hitima yake ubani ulifika mpaka uani kwetu, na kipaza sauti kilimsifu kwa huruma yake kwa wanaodhulumiwa. Feisali hakwenda. Alikuwa anakunywa chai, na ndipo aliponiambia.

Alfajiri ile alikuwa kwenye birika la msikiti, akimmiminia Bwana Hemedi maji ya kutawadha, maana mzee mgongo ulikuwa ukimsumbua. Walikuwa wamefika miguuni. Askari walipoingia, Bwana Hemedi aliuvuta mguu wake, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Nilimsikia akikimu swala," Feisali alisema. "Kwa udhu wa maji yangu."

Hapo nikaelewa kwamba wazee wale hawakuiogopa halbadiri hata kidogo. Waliwaogopa askari, na hilo ningewasamehe, maana nani asiyewaogopa? Ninachokidharau mpaka leo ni ile leso. Vijana wa Palestina walikuwa rahisi kuliliwa kwa sababu wanajeshi waliowachukua hawakupita mbele ya duka la vitambaa.

Mama amezeeka sasa, na redio yake bado inatangaza yaleyale. Kila Alhamisi hufukiza ubani jikoni, peke yake, akawaombea vijana asiowajua hata majina. Huo ndio ubani pekee ninaouvumilia. Miaka yote ile mtaa wetu ulikuwa na msomaji mmoja tu wa kweli, na wao walimwacha jikoni awakaangie mahamri.