Sanduku Nililolitilia Sahihi Bila Kulifungua

Kuna mchana mmoja wa Keringet ambao haujanitoka akilini, mwanangu, hata sasa ninaposahau mahali nilipoweka miwani. Nitakusimulia leo kwa sababu mama yako ameniambia umeitwa kwenye mahojiano. Anasema wanatafuta mtu wa kuongoza maandalizi ya dharura za afya katika eneo letu lote, tangu Mai Mahiu hadi huko juu Kuresoi, na kwamba wewe ni mmoja wa wanne waliobaki kwenye orodha. Nilifurahi mpaka chai yangu ikapoa mezani. Wewe ni mjukuu wangu, lakini mimi ndimi niliyekulea, kwa hiyo niache nikuite mwanangu. Mimi pia niliwahi kuwa kwenye orodha kama hiyo, na nataka ujue yaliyonipata.

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake. Nilikuwa dresa hapa Nakuru. Ndivyo tulivyoitwa sisi tuliofunga vidonda, tukadunga sindano na kugawa dawa. Baba yangu alitoka magharibi kuja kutia makaa kwenye garimoshi, nasi tukazaliwa katika nyumba za reli. Nilikuwa nimesoma kuliko wenzangu wengi. Kiingereza changu kilikuwa kizuri, viatu vyangu viling'aa, na nilijua kwamba vinang'aa.

Daktari wa wilaya alikuwa Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi. Kila zahanati iliyokuwa chini yake ilikuwa na sanduku la mbao lililopakwa rangi nyekundu. Ndani yake mlikuwa na bandeji, sindano, na mirija ya mpira ya kupitisha maji ya chumvi kwenye mshipa. Siku hizi mnaita dripu, na mnatumia plastiki na kutupa. Sisi tulikuwa tukiichemsha ile mirija na kuitumia tena na tena. Sanduku halikuruhusiwa kufunguliwa mpaka maradhi yazuke au lori lipinduke. Sasa daktari alitaka Mwafrika mmoja ayasimamie masanduku yote, na siku ya hatari awe mbele ya wengine.

Majina yalibaki mawili, langu na la Mzee Arap Koech, dresa wa Molo. Alikuwa amepita miaka hamsini. Kazi alijifunza vitani, akibeba majeruhi. Aliandika polepole sana, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Nitakwambia ukweli: nilimdharau. Sikumtamkia neno baya hata siku moja, nilimwamkia kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kiti kile.

Daktari alitugawia zahanati tuzikague. Kila mmoja angefungua masanduku, aangalie kila kitu, na kuandika ripoti. Upande wangu ulimalizikia Keringet.

Nilifika huko mchana, mawingu yakiwa yameshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Dresa wa pale alikuwa ameitwa shambani kwa mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Sanduku nililikuta chini ya meza, limefungwa kwa kamba na kupigwa muhuri wa lakiri. Nje, dereva alikuwa akipiga honi. Aliona mvua inakuja, na barabara ile ikilowa lori lilikuwa halitoki. Nikalitikisa sanduku. Nikasikia vitu vikigongana ndani. Nikatoa kalamu na kuandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mirija minne ipo na yote ni mizima. Nikatia sahihi, nikapanda lori.

Ni hayo tu, mwanangu. Hata dakika moja haikuisha.

Wiki mbili baadaye simu ilipigwa kutoka Keringet. Kwenye kambi ya wachuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, watu walikuwa wanahara na kutapika, na wawili walikuwa wameshindwa kusimama. Daktari alichukua ripoti yangu, akapitisha kidole juu ya mistari, akasema, "Mirija iko kule. Pakieni maji ya chumvi na dawa." Mirija iliyokuwa hospitali ilikuwa michache, kwa hiyo ikabaki. Mimi nilimsikia akisema hivyo nikanyamaza. Nilijiambia kwamba bila shaka imo.

Daktari alibaki Nakuru; mimi na dereva tukamchukua Mzee Koech pale Molo. Njia nzima aliuliza maswali: watu wa kambi wanateka maji wapi, vyoo viko upande gani wa kijito, nani anapika. Nilikuwa nimefika huko wiki mbili tu kabla, na hata hicho kijito sikukiona.

Wagonjwa wawili walikuwa wamelazwa katika ghala la kukaushia pareto. Mmoja alikuwa mwanamke aitwaye Chelagat. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama, na jirani alikuwa amempakatia mtoto wake mchanga, aliyekuwa akilia. Wa pili alikuwa mzee aliyelinda ghala lile, Mzee Kiplagat. Dresa wa Keringet alileta sanduku, Mzee Koech akakata kamba, akafungua.

Mirija ilikuwa imekauka na kushikana. Aliponyanyua wa kwanza ukakatika mkononi mwake kama tambi kavu. Wa pili pia. Iliyobaki ilikuwa imetafunwa na panya.

Akanitazama. "Hii ulifungua lini?"

"Ilikuwa mizima," nikasema. "Labda panya wameingia juzi."

Ndiyo, mwanangu, nilidanganya, huku mgonjwa akiwa amelala kati yetu. Mzee Koech aliangalia kamba aliyoikata. Lakiri ya zamani ilikuwa bado juu ya fundo, imejaa vumbi. Alinipa kikombe na kijiko. "Chemsha maji, tia sukari na chumvi kidogo. Mpe huyu mama, na huyu mzee pia. Kijiko moja moja. Akitapika, ngoja, halafu mpe tena."

Kisha akatoka nje walikosimama watu wa kambi, akauliza kwa sauti, "Hapa nani anafanya kazi ya ng'ombe?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Mkamuaji mmoja akajitokeza, jina lake Barasa.

"Ng'ombe akizaa halafu aanguke, mnamdunga dawa na nini?"

"Kuna paipu ya mpira, mzee. Bwana mkubwa alinunua nyingine, haijaguswa hata. Lakini ameenda Nakuru, na stoo ni yeye husema ifunguliwe."

"Funguo iko na nani?"

Barasa alimtazama yule mtoto aliyekuwa akilia, akasema, "Iko na mimi. Akirudi nitamwambia ni mimi nimechukua." Akakimbia.

Ulikuwa mrija mmoja tu. Tuliuchemsha, tukaungoja kwenye sufuria huku mimi nikihesabu vijiko. Ulipokuwa tayari, Mzee Koech alisimama kati ya wagonjwa wawili, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hakujua la kufanya. Mzee Kiplagat alikuwa akisikia kila neno. Akanyanyua mkono kidogo.

"Huyo ananyonyesha," alisema. "Anza na yeye. Mimi nitangoja."

Chelagat alipata maji yale. Chupa ya kwanza ikaisha, tukaweka ya pili. Saa tisa hivi akafumbua macho na kuuliza mtoto wake amekula nini. Wanawake wote ghalani wakacheka na kulia kwa pamoja. Tukauchemsha mrija tena, tukamgeukia mzee, lakini mishipa yake ilikuwa imelala. Mzee Koech alijaribu mkono huu na huu, akajaribu mguu. Nikaendelea na kijiko mpaka maji yakawa yanatoka pembeni mwa mdomo. Mzee Kiplagat alifariki jua likiwa bado juu.

Je, mirija minne mizima ingemwokoa? Sijui. Nimejiuliza miaka yote hii na sijui. Lakini najua kwamba hakupata nafasi ile, na najua ni nani aliyemnyima.

Mzee Koech alinikuta nje kwenye karai nikinawa mikono ambayo ilikuwa safi tangu zamani. Aliongea kwa sauti ya chini, watu wasisikie.

"Kijana, wewe unajua dawa kuliko mimi. Kusoma umesoma, mimi sikatai. Lakini uliandika kitu macho yako haikuona, na mtu mwingine akapanga safari na hiyo karatasi. Mimi siendi kusema kwa daktari. Jumatatu utaitwa mbele ya wale wa kuchagua. Utasema wewe mwenyewe, ama utanyamaza, halafu ukae na huyu mzee kichwani mpaka uzeeke."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata la kumchukia. Kisha akanishika bega na kusema, "Twende tuone hicho kijito. Kuna watu mia bado wanakunywa hapo." Tukaenda. Tulifunga mahali pa kuteka maji, tukawaonyesha wapishi namna ya kuchemsha, na hakuna mwingine aliyekufa.

Jumatatu niliingia katika chumba chenye watu watatu: daktari, sista mkuu wa hospitali, na mchungaji mmoja aliyeketi kwa niaba ya watu wa mji. Mzee Koech alikuwa nje kwenye benchi, akingoja zamu yake. Daktari alianza kwa kunisifu. Alisema ripoti yangu ndiyo safi kuliko zote alizopata kuzisoma, na kwamba Keringet tumefanya kazi njema. Niliona waziwazi kwamba wamekwisha kuamua. Ningesema asante, ingetosha.

Badala yake nikasema ukweli. Nilisema kuhusu honi ya lori, sanduku nililolitikisa, sahihi, na uongo wa ghalani. Sista mkuu akauliza, "Kwa nini unatuambia? Hatukuwa tunajua."

Nikasema, "Mzee Kiplagat alikuwa na zamu yake akaiacha. Na mimi siwezi kuchukua kiti hiki."

Daktari alinifokea, na nilistahili. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba hata kazi ya udresa imekwisha. Kumbe Mzee Koech alipopewa uongozi, ombi lake la kwanza lilikuwa apewe mimi niwe msaidizi wake. Baadaye mchungaji ndiye aliyenieleza alivyosema: "Huyu hatatia sahihi tena kitu hajaona. Wengine bado sijui."

Nilimtumikia mzee yule mpaka alipostaafu. Kila zahanati tuliyofika tulifungua sanduku, tukavuta kila mrija, tukapitisha maji ndani yake, hata mvua ikinyesha, hata dereva akipiga honi. Kwanza, kabla ya yote hayo, alinipeleka Keringet kwa binti ya Mzee Kiplagat. Nilimweleza yote. Akamimina maziwa, akanipa. "Hakuna mtu alikuwa ametueleza alikufaje," akasema. "Sasa najua alimwachia mama wa mtoto. Hiyo nitawaambia watoto wangu." Nilikunywa maziwa yale mpaka tone la mwisho. Na Barasa, usiwe na wasiwasi, hakufukuzwa. Bwana wake alinung'unika siku mbili, basi.

Ninapowakumbuka watu hawa, mwanangu, nashukuru kuliko ninavyohuzunika. Mkamuaji alihatarisha ajira yake kwa mtu asiye ndugu yake, binti ya Mzee Kiplagat akanisamehe bila kuombwa mara mbili, na mshindani wangu, ambaye angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, aliamua kunitengeneza. Kama nimekuwa mtu, ni wao.

Sasa sikiliza. Utakapokaa mbele ya hao watakaokuuliza, usiwape maneno mazuri tu. Waambie umeona nini kwa macho yako na nini hujaona. Wakikupa kazi, nenda mwenyewe mpaka Kamere kule ziwani, mpaka Keringet, ufungue, uguse, uwashe mashine uone kama inawaka. Ukifika mahali, usiongee na wakubwa peke yao. Muulize anayepika, anayelinda lango, anayekamua, kwa sababu siku ya hatari hao ndio watakaokuwa karibu, na wanajua kilichomo stoo. Ukikosea, na utakosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajapanga safari kwa kosa lako. Na wakimchagua mwingine kati ya wale wanne, usimnunie. Mwendee siku ileile umuulize unaweza kumsaidia wapi. Miaka yangu mizuri kabisa ya kazi niliipata nikiwa wa pili.

Nimemaliza, mwanangu, niwekee mkono wako hapa. Mungu akutangulie kwenye mlango ule. Akupe macho yanayoona mapema na ulimi usiouogopa ukweli, na asikukoseshe mtu wa kukukemea kwa upendo wakati bado unaweza kujirekebisha. Na wote watakaoletwa mikononi mwako wakiwa wamebebwa, awajalie warudi kwao wakitembea.