Pilau ya Kuniaga

Mkasa huu sipendi kuusimulia, si kwamba ni siri (nusu ya Bagamoyo wanaujua, hata wauza samaki sokoni huniuliza safari imefikia wapi), ila kila nikiuanza masikio huniwaka moto. Leo acha niumalize.

Nilikuwa mkuu wa tanuri kwenye bekari ya Bwana Hasanali, mzee wa Kihindi, mtu wa swala tano na maneno machache. Mke wangu Mwanaidi alikuwa mjamzito, chumba chetu cha kupanga kule Zinga kilivuja, na mshahara ulikuwa uleule tangu nikiwa kapera. Kusema tu naomba nyongeza niliona aibu, niliona kama kuombaomba, kwa hiyo nikapata akili ya kijinga: nitamwambia kuna tajiri anafungua bekari Msata na ananitaka mimi, naye kwa hofu ya kunikosa ataniongezea mwenyewe.

Nikamwamkia, nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Sikuzuii, mwanangu. Nenda na radhi zangu."

Basi. Pale ningeweza kusema natania, lakini nikajikuta namshukuru, tena kwa mikono miwili.

Kufika mchana wenzangu wote wana habari, na Bi Tatu, aliyekuwa akifunga mikate, ameshaanza kupitisha mchango. Jioni habari zikanitangulia nyumbani, nikamkuta Mwanaidi anapanga vyombo kwenye maboksi, ameshamuaga mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine. (Ukweli ulitakiwa kusemwa palepale. Mimi nikamsaidia kufunga masufuria.)

Ijumaa baada ya swala bekari ikafungwa mapema, mikeka ikatandikwa, pilau ikapakuliwa kwenye masinia, ustadhi jirani yetu akaniombea dua ndefu ya safari mpaka jasho likanitoka, nikakabidhiwa kanzu mpya na begi la kusafiria. Nikaanza kuamini nitaondoka salama na uongo wangu, nitapotelea popote. Ndipo Bwana Hasanali akamleta mbele Haji Mwinyi, mwenye mkahawa pale njia panda ya Msata, mteja wetu wa siku nyingi, akasema amemwalika makusudi ili anipokee na kunitafutia chumba.

Haji akanishika mkono kwa furaha. "Hiyo bekari iko upande gani? Mimi nimezaliwa Msata, sijaisikia."

Nikasema iko mbele kidogo. Akauliza mbele wapi. Nikasema kuelekea Ubena, watu wakaanza kutazamana kwa sababu Ubena ni mbali huko, hadi ufike Chalinze kwanza, basi nikazidi kujichimbia, nikasema hata hivyo bado haijajengwa. Kwenye mkeka wa kina mama nikamwona Mwanaidi amesita na tonge mkononi.

Bwana Hasanali akauliza taratibu, "Shabani, kuna bekari au hakuna?"

"Hakuna."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bwana Hasanali akasogeza sinia upande wangu, akasema, "Basi kula kwanza, pilau inapoa." Nikala. Sikusikia ladha yoyote, lakini nilikula sana, maana ningeacha kula ingebidi niongee.

Usiku ule tulilala kwa mama mkwe, kwa kuwa chumba chetu kilikuwa na wenyewe, na Mwanaidi aliongea na kila mtu mle ndani isipokuwa mimi. Asubuhi nikaenda kazini, nikarudisha begi na kanzu (wenzangu wakakataa kuvipokea, ikawa aibu nyingine). Tanuri lilikuwa tayari mikononi mwa Bi Tatu, na kwa kuwa kazi ya moto ni nzito, ameongezewa mshahara bila hata kuomba. Mimi nikapewa nafasi yake ya kufunga mikate, kwa mshahara wake wa zamani. Nikashukuru.

Mtoto alipozaliwa sikuwa na ujanja tena. Nikamfuata Bwana Hasanali ofisini, nikamwamkia, nikasema, "Naomba uniongezee mshahara. Hautoshi."

Akafikiri kidogo tu, akakubali. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Shabani. Siku ile ungesema hivihivi, ningekupa."

Nikarudi kufunga mikate. Tangu hapo nikitaka kitu kwa mtu nakitaja kilivyo, hata sauti ikitetemeka.