Marahaba Niliyoitikia Hirbadaw

Nina miaka thelathini na moja. Hizi mvi ziache kwanza, nitakueleza zilikotoka, na usipoamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo.

Kazi yangu ni kupima mabomba ya chuma. Kijijini Hirbadaw walichimba kisima, maji yakaja na mchanga, wakataka kujua kama utakula bomba kabla halijashushwa. Nikaweka ndoo mbili kwenye kibanda cha pampu, moja ya maji yaliyochujwa, nyingine maji na mchanga wake. Kila ndoo ilikuwa na kipande cha chuma na mota ndogo ya kuzungusha maji. Kutu ya juu hukinga chuma kidogo, unajua? Mchanga ukiisugua, chuma kinabaki uchi.

Siku ya sita, saa tisa mchana, akaingia mzee mmoja mfugaji, shuka begani, fimbo mkononi. Mzee hasa, wa kupumzika kila hatua. Kabla sijafungua mdomo, akaniwahi.

"Shikamoo."

Sasa wewe, umeona wapi babu akamwamkia mjukuu? Nilidhani ni utani, na mimi kwa utani sijambo. Nikajikohoza kizee, nikaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Asante," akasema. "Nimewaamkia wengi. Wote walikataa."

Akatoka, fimbo akaiacha mlangoni. Nilimwona akivuka mbuga mgongo umenyooka, halafu akaanza kukimbia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikarudi kwenye ndoo. Chuma cha kwenye mchanga kilikuwa kimeliwa kidogo tu, kama nilivyotegemea. Kile cha maji safi, ambacho asubuhi nilikiacha kizima na kutu yake nyembamba, kilibomoka mkononi. Na mkono wenyewe, niamini, haukuwa wangu. Ulikuwa na makunyanzi, na vinyweleo vyake vimekuwa mvi.

Nilifika kwetu Tlawi nikiegemea fimbo ile. Mama alikuwa anapalilia maharage. Akaacha jembe, akapangusa mikono.

"Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"

Nilimwambia ni mimi, mwanawe; akadhani ni uzee unasema. Akanihurumia, akanipa chumba cha nje, na ndimo ninamoishi. Ananipikia vizuri. Kila jioni ananiuliza kama njiani nimemwona mwanawe.

Kwa hiyo kijana, aliyekuzidi umri akikuamkia, usicheke, usiitikie. Mwamkie wewe. Hata kama ni mimi, maana siku nyingine mama akishauliza hivyo, natoka na fimbo yangu, nakaa barabarani, na shikamoo iko mdomoni.