Maji Juu ya Turubai

Sisi watoto wa Wakongo tuliokulia Cato Manor, mtaa wa Durban, tulijua kunyamaza kabla hatujajua kusoma. Jumamosi tulicheza nzango, mchezo wa wasichana wa kwetu, uani, tukipiga makofi na kurusha miguu hadi viatu vikaachama, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikitoka jikoni tuliingia ndani bila kuitwa. Simu ilikuwa ya wazazi, na kuigusa ilikuwa kujitafutia fimbo. Leo binti yangu wa miaka saba ananifundisha kutumia yangu, tena anashusha pumzi kwa kukosa subira.

Jumamosi moja ya mwaka 2009 sikucheza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa zamu saluni, hivyo baba, tuliyemwita Papa, akanichukua kazini kwake Westville, alikotunza bustani. Ilikuwa Jumamosi yake ya tatu ya kujaribiwa kwa bibi mmoja tuliyemwita Madame. Siku ile ikipita salama, angeajiriwa wiki nzima, baada ya miezi saba ya kubangaiza. Nyumbani hatukuzungumza jambo jingine.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, kitu kigeni Durban wakati wa baridi. Bwawa la kuogelea lilikuwa limefunikwa turubai lililofungwa kwa mikanda na kulabu pembeni, na katikati yake maji ya mvua yalituama pamoja na majani yaliyooza. Madame alimwagiza Papa ayatoe kwa ndoo, taratibu, kabla hajarudi mchana. Papa akaitikia. Gari lilipotoka getini, akacheka. Kule Bukavu aliuza petroli ya chupa kando ya barabara miaka sita, na muuza petroli anajua kunyonya mpira.

"Ndoo ni ya nini?" aliniambia. "Mupira itafanya kazi, siye tutapumuzika."

Akazamisha ncha moja ya mpira wa kumwagilia bustani kwenye yale maji, akanyonya nyingine, akatema, na maji yakaanza kushuka mteremkoni. Tukala mkate, kisha akaenda kupogoa maua ya mbele huku akipiga mluzi. Nilikuwa sijamsikia akipiga mluzi tangu Bukavu.

Nikabaki kando ya bwawa, na baada ya muda nikaona kitu. Maji juu ya turubai hayakupungua. Ila vigae vya ukutani, chini ya turubai, vilianza kuonekana, mstari mmoja, kisha wa pili. Turubai lilikuwa na vitundu vidogo, na mpira ulikuwa ukinyonya bwawa lenyewe. Habari ya vitundu niliijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba bwawa linashuka.

Nilijiambia Papa anajua anachofanya, na mtoto hamkosoi baba yake. Mstari wa tatu ukatokea, kisha wa nne. Nilikwenda mpaka alipokuwa, akaniuliza kama nina njaa, nikasema hapana, nikarudi. Sasa ilikuwa mistari sita.

Kulabu zikaanza kung'oka. Turubai, likiwa na mzigo wote ule na bila maji ya kuliegemeza chini, lilichanika upande mzima na kutumbukia na uchafu wake. Papa alikuja mbio, akasimama tu. Madame alimkuta pale pale. Hakufoka. Alimwambia asirudi tena.

Ndani ya taxi Papa aliivua kofia, akaiweka magotini.

"Uliona tangu saa ngapi?" akauliza.

"Ile saa ilipasuka, Papa."

Akatikisa kichwa taratibu, akasema basi hakuna mtu angeliweza kuona. Nililia, naye akanibembeleza akidhani naililia kazi.

Watoto wa siku hizi hawana adabu hiyo tuliyokuwa nayo, na wenzangu wanalalamika sana. Jumapili iliyopita, kabla hatujatoka nyumbani kwenda ibadani, binti yangu alimwambia Papa, mbele ya mchungaji aliyekuja kutuchukua, kwamba shati lake limegeuka ndani nje. Wakubwa wote tukaguna. Papa akaenda akaligeuza, akarudi akicheka. Mimi ningemwacha aende hivyo hivyo kanisani.

Baadaye, wageni walipokuwa wakinywa chai nyumbani, Papa akawasimulia tena habari ya bwawa, kama anavyofanya kila mara, na kusema ujuaji wake ndio ulimponza. Wakacheka. Nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe zote, na bado sijamwambia.