Ukoko wa Sufuria ya Mama

Wali ukiungua jikoni kwangu, watoto wananilalamikia. Sijali. Harufu hiyo inanirudisha kwenye ua wa hospitali, Bukavu, mwaka ule surua iliponijaza vidonda kinywani.

Pale kila mama alimpikia mgonjwa wake mwenyewe. Sufuria ya mtu ikiondoka motoni mapema, wenzake walijua hakuna tena wa kula, wakaanza kulia. Mimi nilikuwa siku nne sijameza kitu, na mama bado alikuwa anapika.

"Maman, epua tu," mama wa kitanda cha jirani akamwambia mama yangu. "Mutoto hawezi kula tena."

"Hii sufuria haitatoka ku moto mpaka akule!"

Papa, baba yangu, karani wa ofisi, alishuka kutoka mtaa wa Cimpunda na gunia la makaa kichwani, abacost yake, suti ya ofisini, imekuwa nyeusi mabegani. Watu walimcheka. Kesho yake akaleta gunia lingine.

Jioni hiyo wali uliungua kabisa. Nikanusa, nikafungua kinywa. Mama akanilisha ukoko uliolowekwa kwa maji. Uliniuma kama miiba. Nikameza, nikamkazia macho yule jirani, nikasema:

"Maman, ongeza."