Siku Rejaf Ilipopokea Vishikwambi

Mwalimu Roselyn hakutoka Vihiga kuja Juba ili afundishe kompyuta kwa maboksi ya sabuni. Barua yake ya ajira, iliyopigwa mhuri wa kanisa, ilisema wazi kwamba atakuwa mwalimu wa Hisabati na Kompyuta katika shule ya msingi ya Rejaf, kusini mwa mji, kando ya Nile. Hisabati aliikuta. Kompyuta hakuiona hata kivuli chake. Alikuta ubao uliopauka, katoni moja ya chaki ya muhula mzima, wanafunzi sitini na wawili wa darasa la nane, na mwalimu mkuu mpole kupita kiasi aliyemwambia, "Anza tu, Madam. Vitu vitakuja."

Basi akaanza, afanyeje? Aliokota maboksi sokoni Hai Mauna, mtaa alikopanga chumba, akayakata vipande, akachora vitufe kwa kalamu ya rangi, herufi baada ya herufi. Kwa miaka miwili watoto wa Rejaf walijifunza kupiga chapa kwa kubonyeza maboksi. Hodari wao alikuwa Charity, binti wa Mzee Pitia, mwenyekiti wa wazazi. Msichana huyo angeweza kufumba macho na kukuonyesha kila herufi ilipo. Asichokijua ni kinachotokea baada ya kuibonyeza, kwa sababu boksi halijibu.

Sasa toka Rejaf, panda bodaboda, ingia mjini hadi Hai Cinema. Si mbali. Ni payam nyingine tu, yaani sehemu nyingine ya utawala, lakini ungedhani umevuka mpaka wa nchi. Hapo kulikuwa na shule alikofundisha Cyril, Mkenya mwenzake waliyesoma naye chuo kimoja. Wazazi wa hapo ni watu wa benki, wa mahoteli na wa mashirika. Karo yao inaingia kabla kengele ya kufungua shule haijalia. Shule ina paneli za sola juu ya paa zima, ina chumba cha kompyuta chenye feni, na kila mwaka ina Siku ya Teknolojia. Roselyn alialikwa mara moja. Alikula keki iliyotengenezwa kwa umbo la kompyuta, yenye vitufe vya sukari, akiwaza maboksi yake. Cha kumchoma zaidi ni kwamba watoto hawa na wale wake wangekaa mtihani uleule, siku ileile, na msahihishaji asingeuliza nani alijifunzia kwenye boksi.

"Mnavipataje hivi vitu?" alimuuliza Cyril.

"Dada yangu, Juba hii kitu hakiji bila sherehe," Cyril alimjibu huku akijipangusa krimu mdomoni. "Wafadhili wanataka picha. Ukiwa na hema, na ngoma, na mgeni rasmi, watakuja. Ukiwa na shida peke yake watakuambia pole."

Maneno hayo yalimwingia Roselyn yakakaa. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa siku hiyo alijiona ameerevuka.

Haikupita miezi mitatu, shirika moja la elimu likatangaza kwamba linagawa vishikwambi. Shule itakayochaguliwa ingepewa thelathini, pamoja na sola ya kuvichaji. Afisa wa mradi, Mkenya kijana aitwaye Cate, alimletea Roselyn fomu ya kurasa nne na kumsihi aisome yote. Roselyn aliisoma. Ukurasa wa kwanza uliuliza juu ya wanafunzi, wa pili juu ya walimu, wa tatu juu ya hafla ya makabidhiano. Wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, ulitaka chumba cha kuhifadhia chenye mlango wa chuma na nondo madirishani. Roselyn alicheka peke yake. Fomu za namna hiyo alikwisha kujaza nyingi. Moja ilitaka uzio, nyingine ilitaka kizimamoto, na hakuna aliyewahi kuja kuangalia. Akatia tiki akaendelea na shughuli zake. Mimi nawauliza hao wanaoandika fomu: jambo zito kuliko yote mnalificha ukurasa wa mwisho kwa sababu gani?

Wazazi walikutana. Mfuko wao, uliotokana na samaki, karanga na mboga walizouza, ulitosha kufanya jambo moja tu, ama mlango ama sherehe. Mzee Pitia aliomba asomewe fomu nzima. Kiswahili chake alikiokota Uganda miaka ya ukimbizi, na alikitumia bila kukiogopa.

"Ustaza," alisema, maana ndivyo alivyomwita mwalimu wa kike, "karatasi hii inasema mlango. Mlango mafi, hakuna. Sisi iko na bati tu."

"Mlango tutaweka baadaye, Mzee wangu," Roselyn alijibu. "Tukikosa sherehe hawa watu hawaji kabisa. Mimi nimewaona huko mjini."

"Na wakikuja, wakiuliza?"

"Hawaulizi, Mzee. Wanapiga picha wanaenda."

Mzee Pitia alikuna kichwa. Aliwatazama wenzake, nao wakamtazama mwalimu, mwenye diploma, aliyekula keki ya Hai Cinema. "Wewe ndiyo unajua watu ya mjini," akasema mwishowe. "Kalas, basi. Tufanye karama, hiyo sherehe yako." Na kwa kuwa sherehe bila nyama si sherehe, akatoa fahali wake mwenyewe.

Fomu ikapita, Rejaf ikachaguliwa, na siku yenyewe nani angesema ni maskini? Hema lilisimamishwa, viti vya plastiki vikakodishwa mjini, bango likaandikwa. Kina mama, na Roselyn pamoja nao, walivaa vitambaa vya rangi moja. Mgeni rasmi na Cate waliposhuka garini, fahali alikuwa tayari amelazwa na kuchinjwa njiani, kama ilivyo desturi, ili wageni wamruke ndipo waingie. Cate alikuwa amevaa sketi ya kubana. Alisita, akainua sketi kidogo, akaruka, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Roselyn mwenyewe alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Miaka miwili ya maboksi ilikuwa inamtoka mwilini, akajiachia.

Hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida ya hotuba. Kisha maboksi ya kweli yakafunguliwa, na watoto thelathini wakakabidhiwa vishikwambi mmoja mmoja mbele ya mpiga picha. Charity alikiwasha chake akaanza kuandika. Alibonyeza herufi ya kwanza, nayo ikatokea. Aliinua uso akamtazama mwalimu wake kama anayeuliza ni nani aliyeiweka pale. Akaandika jina lake, akaandika la baba yake, akaandika sentensi nzima kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, na watoto wa nyuma wakasukumana ili waone. Watoto wote thelathini walipoviinua juu wapigwe picha, Roselyn aliruka mikono juu, akapiga vigelegele na kulia hadharani wala hakuona haya.

Ndipo Cate akaja na karatasi zake. "Madam Roselyn, nionyeshe sasa chumba cha kuhifadhia, tumalize."

Roselyn alimpeleka shingo upande. Chumba kilikuwepo. Mlango wake ulikuwa bati lililofungwa kwa waya, na dirishani palining'inia gunia.

Cate aliligusa lile bati kwa kidole, likayumba. "Mlango wa chuma uko wapi?"

"Unakuja. Tumeuweka katika mipango."

"Lakini hapa umetia tiki kwamba upo." Uso wa Cate haukuwa wa ubaya. "Dada, nikiviacha hapa vikaibwa leo, kesho mimi sina kazi. Hiki ndicho kitu pekee ninachotakiwa kuhakikisha kwa macho yangu."

"Cate, tafadhali. Watoto wameshavishika."

"Nitaviweka shule ya Hai Cinema kwa muda. Wao wana chumba. Mkiweka mlango, njoo ofisini."

Vikakusanywa kutoka mikononi mwa watoto, kimoja kimoja, huku ngoma ingali inalia kwa wazee waliokuwa bado hawajaambiwa. Charity alikifuta chake kwa pindo la sketi kabla ya kukirudisha. Mzee Pitia alisimama na sahani ya nyama mkononi akilitazama gari likiondoka, kisha akaiweka sahani chini.

"Wameuliza," alisema.

Roselyn aliinama akaanza kukusanya viti. Angetukanwa angeshukuru, lakini hakutukanwa. Alirudi Hai Mauna amevimba kwa hasira, akiwa na hasira na Cate, na Cyril, na fomu, na zaidi ya wote yeye mwenyewe. Na hebu fikiria: chumba chake kilipakana na karakana ya Matiya, Mganda fundi wa kuchomelea, ambaye kazi yake mchana kutwa ni kutengeneza milango ya chuma. Kwa miaka miwili Roselyn alikuwa akilalamikia kelele za milango hiyo.

Asubuhi alikwenda akasimama mbele ya cheche. "Matiya, nataka mlango."

"Madam, mimi iko na kazi mingi sana," Matiya alisema akivua miwani yake myeusi. "Hii yote ni ya watu. Lakini ya watoto nitafanya. Wewe ngoja kidogo tu."

Kidogo hicho kilikuwa wiki tatu. Roselyn alimpa mshahara wake wa mwezi, akabakiza wa unga tu, na kila jioni alipita kuuliza. Mara umeme wa jenereta haupo, mara chuma kimeadimika sokoni. Katikati ya kusubiri huko alimpigia Cyril simu kuuliza hali ya vishikwambi.

"Viko salama kabisa," Cyril alisema. "Hata hatujavitoa kabatini. Watoto wetu si wana kompyuta? Tutavitumia vya nini?"

Roselyn alikata simu bila kuaga. Alitaka kulia, akashindwa hata kulia. Afadhali angesikia vinachezewa, vinaangushwa, vinavunjwa na watoto wa mtu yeyote yule, kuliko kusikia vimekaa gizani huku Charity amerudi kwenye maboksi. Tena sasa maboksi yalikuwa machungu kuliko zamani, kwa sababu watoto walikwisha kujua kinachokosekana. Wengine walianza kukataa kuyabonyeza. "Madam, haiandiki," walimwambia.

Hatimaye mlango ukakamilika. Ulikuwa mzito, umepakwa rangi ya kijani, na komeo lake lingeweza kuzuia jeshi. Matiya aliusindikiza mwenyewe kwa pikapu, akaongeza nondo za dirisha bure. Wanaume wa Rejaf waliacha nyavu zao na mashamba wakaja kuchimba ukuta, na Mzee Pitia alikoroga saruji kwa mikono yake. Walipomaliza, waliupiga mateke kwa zamu kuona kama utatikisika. Haukutikisika. Roselyn aliupiga picha kwa simu, mbele na nyuma, wazi na umefungwa, na Jumatatu akaenda ofisini kwa Cate akiwa amevaa gauni lake la kanisani.

Cate alizitazama picha zote nne. "Mlango mzuri sana," alisema, kisha akaweka kalamu chini. "Tatizo ni kwamba mwaka wa mradi ulifungwa Ijumaa iliyopita. Vifaa vinahesabiwa mahali vilipokutwa siku ya kufunga. Vile sasa ni vya Hai Cinema."

"Lakini Hai Cinema hawavitumii!"

"Najua."

"Viko kabatini, Cate!"

"Dada, najua. Nimeandika barua mbili." Na kweli uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. Alifungua droo akatoa fomu mpya. "Lakini kuna awamu ya pili. Vishikwambi vingine, na chumba sasa mnacho. Chukua hii."

Roselyn aliipokea. Safari hii alianza kusoma kutoka ukurasa wa mwisho, kidole kikifuata kila mstari, midomo ikichezacheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika mstari wa sita alisimama. Akausoma tena. Ulisema kwamba shule iliyokwisha kupokea vifaa vya awamu ya kwanza hairuhusiwi kuomba.

"Huu hautuhusu," alisema. "Sisi hatujapokea."

Cate aliivuta fomu. Alisoma ule mstari kana kwamba naye anauona kwa mara ya kwanza. Kisha akaigeuza kompyuta yake polepole mpaka kioo kikamwelekea Roselyn. "Hii ndiyo ripoti iliyokwenda kwa wafadhili," alisema. "Iliondoka kesho yake baada ya hafla. Mimi nilidhani mlango utakuwa jambo la siku mbili."

Kwenye kioo palikuwa na picha kubwa. Hema lilionekana, na bango, na watoto thelathini wameinua vishikwambi juu, Charity mbele yao akicheka kwa meno yote. Chini yake yameandikwa maneno kwamba shule ya Rejaf imepokea vifaa vyake kwa shangwe. Na katikati ya picha, akiwa ameruka hewani, mikono juu, mdomo wazi kwa vigelegele, alikuwepo mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha rangi ya kina mama wa Rejaf.

"Nikiwaambia hamkupokea," Cate alisema kwa sauti ya chini, "wataniuliza swali moja tu. Wataniuliza huyu ni nani."

Roselyn aliitazama picha. Alitafuta mahali pa kukataa, hakupaona.

"Ni mimi," alisema.